Toa betri kwanza ndo uwape kamera

Mi nafundisha vijana kupiga picha kwa kamera za mkanda, zile za zamani ambazo kila kitu unaweka mwenyewe kwa mkono, na kila kundi jipya likija siku ya kwanza nachomoa betri. Wanashtuka, mwalimu sasa itafanyaje kazi? Inafanya. Kamera yetu, Pentax K1000, ilitengenezwa kuanzia 1976 mpaka 1997, ni chuma na springi, ile betri ndogo ya chini kazi yake ni kuendesha mita ya mwanga basi, shata, lile pazia linalofunguka kupitisha mwanga, haiihitaji kabisa.

Naitoa kwa sababu nimeona ukimpa mwanafunzi mita mapema hatazami tena mwanga, anatazama sindano ya mita, anazungusha mpaka ikae katikati anabonyeza, ukimuuliza jua lilikuwa upande gani hajui.

Kabla hata ya mkanda nafungua mgongo wa kamera, naweka shata kwenye B, yani inabaki wazi muda wote umebonyeza, namwambia bonyeza usiachie, afu chungulia kwa nyuma huku unazungusha ringi ya lenzi. Kwenye f/2 tundu liko kama sarafu, f/8 linabaki kama punje ya choroko, f/16 ni kichwa cha njiti ya kiberiti. Hapo huhitaji tena kuchora ubaoni, ameshaona kwa jicho lake kwa nini namba kubwa ndo mwanga kidogo. Afu nawapa hesabu moja tu ya wiki nzima: jua kali weka f/16 na spidi ya shata iendane na namba ya mkanda (ISO), yani mkanda wa 400 unaweka 500, ambayo ni 1/500 ya sekunde, ndo iliyo karibu. Kukiwa na mawingu f/8, kivuli cha barazani f/4. Na kila picha iandikwe kwenye daftari.

Wiki ya pili betri inarudi, na hapa ndo pagumu maana mita inachukulia kila kitu ni kijivu, ikiona cheupe kingi inakuambia upunguze mwanga. Kijana mmoja alimpiga bibi yake amekaa mbele ya ukuta wa chokaa, akafata sindano vizuri kabisa, tulivyosafisha mkanda ukuta umetoka umependeza na bibi hana macho, uso wote giza. Aliumia sana, na mi niliumia, maana ngozi zetu mbele ya ukuta mweupe ni kitu cha kila siku huku na nilitakiwa nimwambie mapema. Sasa nawasogeza mpaka uso ujae kwenye kioo cha kuchungulia, wapime hapo, ndo warudi nyuma wapige bila kugusa kitu. Mara nyingi tofauti inakua stopu mbili nzima, yani mwanga mara nne.

Watu wananiambia simu zipo kwa nini unawatesa watoto. Simu inaokoa uso gizani kabla hujajua kama ulikosea, kwahiyo utajifunzia wapi? Mkanda una picha 36 na kosa lako linabaki kwenye negativu, unaliweka kwenye mwanga, unafungua daftari unaona uliweka nini.

Ila kuna kosa moja halifundishi chochote, linauma tu. Mkanda usiponasa kwenye spuli, kile kigurudumu kinachouvuta, kaunta ya picha inaendelea kuhesabu kama kawaida. Binti mmoja alipiga sherehe yote ya send-off ya dada yake, kaunta ikapita 36 ikaenda 38, mkanda haujatoka hata kidogo kwenye kopo lake. Kwahiyo jamani ukishafunga mgongo kaza taratibu kile kimkono cha kurudishia mkanda, afu vuta wenzo wa kupeleka picha mbele huku unakiangalia, kikizunguka mkanda umenasa, kisipozunguka fungua uanze upya.

Na ukirudisha betri wafundishe kufunika lenzi wakimaliza, K1000 haina swichi ya kuzima mita, ukiiacha wazi mezani inakula betri usiku kucha.