Sindano ya Damu Imalize Kwanza Kazi Yake ya Awali

Wagonjwa wengi wa figo wanaosafishwa damu hapa Dodoma wanaifahamu erithropoetini, ingawa wao huiita sindano ya kuongeza damu. Homoni hii hutengenezwa na figo zenyewe, nayo huuagiza uboho wa mifupa uzalishe chembe nyekundu; figo zikichakaa, agizo hilo hufifia na mgonjwa hubaki mnyonge, akihema hata kwa kutembea hatua chache. Mwaka 1977 wanasayansi walifanikiwa kuichuja kutoka katika lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa wa Japani, na mwaka 1989 Marekani iliidhinisha ile inayotengenezwa maabara.

Tangu hapo imetafutiwa kazi nyingi mpya. Majaribio kwa wanyama yalionyesha kwamba huweza kuzikinga figo zilizokosa damu kwa muda, pamoja na ubongo na moyo, na matumaini yakapanda. Kwa binadamu mambo yakawa mengine. Utafiti wa New Zealand uliotolewa mwaka 2010 haukuona ikizuia figo za wagonjwa mahututi kufeli ghafla. Wajerumani waliijaribu kwa waliopata kiharusi, na vifo vikawa vingi zaidi kwa waliopewa dawa. Mwaka 2009, katika utafiti wa watu 4,038 wenye kisukari na ugonjwa sugu wa figo, waliochomwa homoni ya jamii hiyo ili damu ipande hadi karibu na kiwango cha mtu mzima wa afya walipata kiharusi watu 101, ilhali katika kundi la wenzao waliochomwa sindano isiyo na dawa walikuwa 53. Kwa hiyo nashikilia kwamba mtu yeyote anayemshawishi mgonjwa achomwe sindano hii kwa ajili ya "kuzifufua figo" anamwuzia hatari.

Kazi yake ya awali, kwa upande mwingine, ni kubwa kuliko tunavyoipa uzito. Mgonjwa anayeongezewa damu mara kwa mara kwa kukosa sindano hii huweza kujenga kinga mwilini itakayoikataa figo ya kupandikizwa, na katika mji ambao Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo tangu mwaka 2018, kila chupa ya damu inayoepukwa humwachia mgonjwa wazi nafasi ya kupandikizwa. Lakini dawa hii hutaka kutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, wala isigande. Nimemwona shangazi yangu akiiviringisha kichupa katika kitambaa kabla ya kuitumbukiza kwenye chupa ya chai yenye barafu, kisha akakaa nayo mapajani kusubiri basi la Kondoa, jua la saa saba likiwaka. Kitambaa kile kilikuwa na maana: barafu ikiigusa dawa, inaweza kuganda na kuharibika.

Liko na suala la madini ya chuma, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Kumchoma mgonjwa sindano hii wakati hana chuma cha kutosha ni kumhimiza fundi ajenge bila matofali, na katika mikoa yetu minyoo na lishe duni huimaliza chuma hiyo mapema, huku maambukizi ya muda mrefu yakiupunguzia uboho usikivu. Natamani Chuo Kikuu cha Dodoma na hospitali zetu zichunguze jambo hili kwa wagonjwa wa Singida, Mpwapwa na Manyoni: wangapi wanapimwa chuma kabla ya sindano ya kwanza, na wakipewa chuma kwanza, dozi ya homoni inaweza kupunguzwa kwa kiasi gani?