Ukweli Kuhusu Papa Niliyedaiwa Kumpeleka Ukweni

Kwa kuwa rafiki yangu ameshasambaza habari kwamba nilikwenda kujitambulisha ukweni nikiwa nimepakia papa aliyeoza, naomba niyaeleze mwenyewe kabla hayajafika Lindi.

Mnaoishi Shangani, hapa Mtwara, mnajua upepo wa bahari unavyoitenda baiskeli. Chumvi ikishatua juu ya chuma huvuta unyevu hata siku isiyo na mvua, na tangu mvua za msimu zianze mwezi Desemba, spoki na nati za madigadi zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawia. Fundi mmoja wa mashua akanigawia sifa, yale mafuta ya maini ya papa yanayopakwa vyombo ili mbao zisinywe maji, akaniapia kwamba kinachoizuia Bahari ya Hindi hakishindwi na manyunyu. Nikapaka fremu, cheni, karia, hadi chini ya tandiko. Rimu niliziruka, kwa sababu raba za breki hazishiki chuma chenye mafuta. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba sikutumia akili.

Kufikia asubuhi pua yangu ilikuwa imeshaizoea ile harufu, nami nikadhani imeisha. Nikavaa kanzu nyeupe, nikaendesha kilomita zipatazo 10 hadi Mikindani jua likiwa utosini, na kwa kuwa sifa ikipata joto hulainika, ikaanza kutembea.

Tulikuwa tumekaa mkekani. Mama mkwe alikuwa akimimina chai, mkono ukasimama, akatazama dirishani, kisha akaendelea kumimina taratibu mno. Baba mkwe alitoa leso akafuta jasho, na leso haikushuka tena kutoka puani. Ndipo akaingia paka wa kijivu, akawapita wageni mmoja mmoja kama mkaguzi, akafika kwenye pindo la kanzu yangu, akaanza kulamba. Hakuwa na haraka. Ndugu zangu, ulimi wa paka una sauti, na chumba kizima kiliisikia. Nikavuta pindo, naye akalifuata.

Ndipo bibi, ambaye macho yake hayaoni vizuri, akapaza sauti kutoka chumba cha ndani: "Mkwe kaja na kitoweo, nanyi mmekaa tu? Kapokeeni kabla paka hawajakimaliza!"

Wasichana wawili wakatoka na sinia. Wakarudi nalo tupu, wakasema nje kuna baiskeli na paka, basi. Bibi akawarudisha wakatazame vizuri chini ya tandiko. Rafiki yangu, aliyekuja kwa bodaboda akiwa safi kabisa, alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yakimtetemeka.

Baiskeli nimeiosha kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni ya unga, na sasa cheni inapata oili ya cherehani tu. Kanzu haikupona. Ukweni wamenikubali, isipokuwa bibi ameongeza sharti kwenye mahari: papa mkavu, mzima, tena apelekwe kwa daladala.