Dušan Tadić hakuwa na mbio, na bado simwoni wa kumfikia

Winga mpya akitajwa tu kwenye dirisha la usajili, swali la kwanza la mashabiki wetu ni moja: ana mbio? Watu hawajauliza anatumia mguu gani wala anapiga krosi za namna gani. Kwa kipimo hicho Dušan Tadić, winga wa Serbia, angekataliwa mlangoni. Hana mbio, na hakuwahi kuwa nazo hata enzi za ujana wake pale Vojvodina ya Novi Sad. Lakini tangu Serbia ianze kucheza kwa jina lake yenyewe mwaka 2006, mimi simwoni mchezaji wa pembeni aliyemzidi.

Najua nitatajiwa Miloš Krasić, yule wa nywele za dhahabu aliyefananishwa na Pavel Nedvěd, nyota wa zamani wa Juventus, alipotua klabuni hapo mwaka 2010. Moto wake uliwaka miezi michache ukazimika. Nitatajiwa pia Filip Kostić, na huyo nampa heshima zake zote, maana bila mguu wake wa kushoto Eintracht Frankfurt wasingebeba Europa League mwaka 2022. Ila anayenisaidia zaidi kueleza ninachotaka kusema ni Lazar Marković, kwa kuwa yeye na Tadić waliingia England dirisha moja, lile la kiangazi cha 2014.

Liverpool walitoa pauni milioni 20 kumchukua Marković kutoka Benfica. Alikuwa na miaka 20, anakimbia na mpira kama vile hauko mguuni. Southampton wao walitoa karibu nusu ya hizo kumchukua Tadić kutoka Twente ya Uholanzi. Tadić alikuwa na miaka 25 na alikuwa ameshazunguka Bačka Topola alikozaliwa, Novi Sad na Groningen. Ukiwauliza watu siku ile nani kati ya hao wawili atafika mbali, wengi wangesema kijana wa Liverpool bila kufikiria mara mbili.

Marković msimu wake wa kwanza akachezeshwa kila mahali, hata beki wa pembeni anayepanda. Baada ya hapo ikawa mkopo juu ya mkopo: Fenerbahçe, Sporting, Hull, Anderlecht. Majeraha yalichangia, siwezi kukataa. Lakini mchezaji ambaye silaha yake ni mbio, misuli ikigoma mara mbili tatu, anabaki na nini?

Mwenzake kule kusini mwa England alikuwa ameshaanza kazi. Oktoba 18, 2014, Southampton waliifunga Sunderland 8-0. Wakenya wengi wanaikumbuka mechi ile kwa sababu Victor Wanyama naye alifunga. Tadić alifunga moja na kutoa pasi nne za mabao, siku moja, mechi moja. Januari iliyofuata akatokea benchi Old Trafford, shuti la Graziano Pellè likagonga mwamba, mpira ukamkuta na akamaliza. Ilikuwa 1-0, na Southampton walikuwa hawajashinda mechi ya ligi kwenye uwanja ule tangu 1988.

Mtazame anavyocheza. Beki anayekutana na winga mwenye mbio anajua la kufanya: anarudi nyuma, anampa nafasi, anaomba Mungu. Kwa Tadić hesabu hiyo haifanyi kazi, kwa sababu Tadić anasimama. Anauweka mpira upande wa mguu wa kushoto, mgongo na makalio yanamzuia beki asiufikie, kisha anangoja. Beki akimfuata, pasi imeshapita ubavuni mwake kwenda kwa mwenzake anayepanda. Asipomfuata, Tadić anainua kichwa na kuchagua wa kumpa. Huo ungojaji wake ndio watu waliouita uzito. Kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe, na si rahisi kuufundisha.

Miaka yake ya mwisho Southampton haikuwa ya kujivunia. Makocha walibadilishwa, kocha Koeman na wachezaji Mané na Wanyama wakawa wameshaondoka, na mwaka 2018 timu iliponea chupuchupu kushuka daraja, ikimaliza nafasi ya 17. Hata hivyo, mwishoni mwa Aprili mwaka huo ilipohitaji ushindi dhidi ya Bournemouth, mabao yote mawili alifunga yeye. Kisha Ajax wakaja na euro zaidi ya milioni 11, na hapo ndipo wapenzi wa Ligi Kuu ya England walipomfuta kabisa. Mtu wa miaka 29 anarudi Uholanzi, si ndiyo kustaafu kwa heshima? Huu ugonjwa wa kuamini kwamba nje ya England hakuna mpira umetunyima raha nyingi.

Erik ten Hag, kocha wa Ajax wakati huo, alifanya jambo dogo lenye maana kubwa: alimtoa pembeni akamweka mbele katikati, namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, asiyekaa mahali pa namba tisa. Tadić alikuwa akishuka kuchukua mpira na mabeki wa kati wanabaki wakitazamana, amfuate nani? Huku Hakim Ziyech na David Neres wanaingia kwenye uwazi. Msimu ule wa 2018/19 alifunga mabao 38 katika mashindano yote, 28 yakiwa ya ligi, sawa na Luuk de Jong wa PSV kileleni mwa wafungaji.

Halafu Machi 5, 2019, Ligi ya Mabingwa Ulaya, Santiago Bernabéu, uwanja wa Real Madrid. Ajax walikuwa wamefungwa 2-1 nyumbani, na Real Madrid walikuwa mabingwa wa Ulaya mara tatu mfululizo. Dakika ya saba Toni Kroos akapoteza mpira, Tadić akaupeleka kulia na kuurudisha nyuma kwa Ziyech, bao. Dakika ya 18 akazungukia mpira mbele ya Casemiro, ule mzunguko wa Zidane kwenye uwanja wa Zidane mwenyewe, akampenyezea Neres, bao. Kipindi cha pili akapiga la tatu kwa mguu wa kushoto, mpira ukaingia juu pembeni, Courtois akiruka bure. Waamuzi wa VAR walikagua kwa muda mrefu kama mpira ulikuwa umetoka nje kabla ya hapo, kisha wakalikubali. Ikaisha 4-1. Gazeti la L'Équipe la Ufaransa, ambalo alama zake hutolewa kwa ubahili mkubwa, lilimpa kumi juu ya kumi. Rudi uitazame mechi ile yote, kisha unioneshe ni mara ngapi alimshinda mtu kwa kukimbia.

Nusu fainali dhidi ya Tottenham tunaijua. Tadić alimpikia Ziyech bao la pili kule Amsterdam, Wanyama alikuwa upande wa Tottenham na akatolewa mapumziko, kisha Lucas Moura wa Tottenham akafunga matatu, la mwisho dakika ya 96. Ajax waliishia hapo, wakajifariji na ubingwa wa ligi na Kombe la Uholanzi. Baadaye Tadić akaongeza ubingwa wa 2021 na 2022, akaenda Fenerbahçe, ambako msimu wa kwanza timu ilikusanya pointi 99 na bado ikawa ya pili nyuma ya Galatasaray. Mpira una ukatili wake.

Kwa timu ya taifa alicheza mechi 111, rekodi ya Serbia, na nyingi alivaa kitambaa cha unahodha. Usiku wake mkubwa ulikuwa Lisbon, Novemba 2021. Ureno walitangulia dakika ya pili tu. Tadić akasawazisha, na dakika ya 90 akapiga krosi iliyovuka lango lote hadi nguzo ya mbali, Aleksandar Mitrović akaipiga kichwa. Serbia wakaenda Kombe la Dunia la 2022 Qatar moja kwa moja, Ronaldo na wenzake wakatumwa kwenye mchujo.

Kwenye Euro 2024 kocha Dragan Stojković alimwanzisha benchi dhidi ya England, na Tadić hakuficha kwamba hakupendezwa. Mashindano yalipoisha, akaagana na timu ya taifa. Wapo waliosema ni wakati wa vijana wenye kasi. Oktoba 2025 vijana hao wakafungwa 1-0 na Albania nyumbani kwao Leskovac, Stojković akajiuzulu, na Kombe la Dunia la 2026 likawapita. Washambuliaji walikuwepo. Wa kuwalisha ndiye aliyekosekana.