Jini Peke Yake Haleti Giza

Siku hizi simulizi yoyote ikiwa na jini, damu na usiku wa manane, inabandikwa jina la fantasia ya giza, yaani hadithi ya uchawi na maajabu yenye kiza. Mimi nakataa. Kwa kipimo hicho nusu ya hadithi za bibi zetu hapa Tanga zingeingia humo, nazo zilikuwa za kumlaza mtoto.

Mimi hutazama malipo. Dunia ya hadithi hiyo inamlipa nini mtu mwema? Katika fantasia ya kawaida shujaa ataumia, atapoteza wapendwa, lakini wema wake una uzito na mizani hukaa sawa mwishoni. Kwenye fantasia ya giza mizani yenyewe ni mbovu. Uwezo una bei, bei hulipwa na asiyehusika, na hata mshindi anatoka na mikono michafu.

Chukua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa kwetu. Mna jini, mna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, mna ndugu wawili waliofanywa manyani, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku huku moyo unamuuma. Ukisoma kurasa hizo peke yake utasema giza hilo! Lakini mwishowe ndugu wanarudishiwa umbo lao na wanapatana. Hasidi anatubu, mwema anatuzwa. Giza pale ni la kupita tu.

Sasa mweke kando yake Fumo Liyongo, kama alivyotungiwa utendi na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Mwili wake haupenyeki kwa silaha yoyote ila kwa shaba, tena kitovuni. Mfalme anamtuma mwana wa kumzaa wa Liyongo aichunguze siri hiyo, kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme. Liyongo anahisi kwamba mtoto katumwa, na bado anamwambia. Mtoto anamngoja baba alale, anamchoma. Liyongo anaamka na uta wake, anakwenda kisimani, anapiga goti mshale ukiwa tayari, anafia pale pale akiwa amelenga, na mji mzima unakaa bila maji kwa sababu hakuna anayethubutu kumsogelea. Na yule mtoto? Binti hakupewa. Hamna jini hata mmoja katika kisa hiki, na kwangu ndicho kisa cha giza kuliko vyote vya pwani yetu.

Wengine huchanganya na hadithi za kutisha. Sishangai, maana hata huko Marekani wanakotajwa waandishi Karl Edward Wagner na Charles L. Grant kama walioeneza jina hili la fantasia ya giza, mmoja alikuwa na mashujaa wa upanga na mwingine alipenda vitisho vya kimyakimya. Mimi natenganisha hivi: kwenye hadithi ya kutisha mzimu ni mgeni. Watu wamekula, wamefunga mlango, kitu kinabisha. Kwenye fantasia ya giza mzimu ni mwenyeji, ana himaya yake na ushuru wake, na majirani wameshamzoea.

Hapo ndipo Tanga tunapata shida kidogo, na utamu pia. Kwa wasomaji wengi wa hapa jini si jambo la kubuni hata kidogo. Kuna watu mpaka leo wanakwenda kutambika Mapango ya Amboni, pua na mdomo na mjini. Mwandishi wetu hana haja ya kutumia kurasa 50 kumshawishi msomaji kwamba mizimu ipo. Aanze moja kwa moja na ushuru.

Kile kisa cha mbwa aliyeingia Amboni akaja kuonekana upande wa Kilimanjaro, kila anayekiandika anahangaika na njia aliyopita. Njia ya nini? Mie nataka kusoma pango lilidai nini ndipo likamwachia, na waliokuwa naye waliridhia kulipa au walilipishwa tu.