Breki Nyekundu na Mama Mkwe

Ukiegesha Subaru Impreza WRX ya 2004 mahali, watu huja kukuuliza inakimbia kiasi gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza inasimamaje. Hata mimi sikujiuliza, mpaka siku ilipogoma kusimama na mama mkwe yupo kiti cha nyuma.

Nilikuwa nimedunduliza hela za kuboresha breki. Fundi wangu wa Ilala alifungua kopo la mafuta ya breki, akachovya kijiti, kikatoka na rangi ya kahawa ya msibani.

"Anzia hapa," akasema. "Mwaga haya yote, weka DOT 4 mpya. Halafu pedi nzuri, halafu tairi. Zikibaki hela, kale."

"Na kalipa kubwa, zile za kubana diski?"

"Ukikanyaga kwa nguvu, ABS, ile ya kuzuia magurudumu yasijifunge, inagonga mguuni?"

"Inagonga sana."

"Basi breki zina nguvu ya kutosha, tairi ndizo zinashindwa kushika lami. Diski kubwa na kalipa kubwa ni za kupambana na joto, kwa wanaoshindana. Wewe unashindana na nani, foleni ya Buguruni?"

Nikamdharau. Nani atakusifia mafuta ya breki? Nikaenda Gerezani, nikarudi na kalipa za Brembo za pistoni nne, mtumba wa Japani, zimevuliwa kwenye STI, ile Impreza kali zaidi ya yangu, pamoja na diski zake. Zilikuwa zimechujuka, nikazipulizia rangi nyekundu ya kopo.

Kalipa zikakaa vizuri. Rimu ndizo zikakataa. Zangu za inchi 16 ziligota kwenye kalipa, hazizunguki hata kidogo. Hela ya tairi mpya ikaishia kwenye rimu za inchi 17 na tairi za mtumba zilizokuja nazo. Ilipofika zamu ya mafuta nilikuwa na hela ya kichupa kimoja.

"Jazia tu juu ya haya ya zamani," nikamwambia fundi.

"Gari lako," akasema.

Wiki mbili baadaye nikaenda Lushoto kumchukua mama mkwe, aje Dar kuona wajukuu. Kutoka Lushoto kushuka Mombo ni kama kilomita 33, kona juu ya kona, mwamba huku, korongo kule. Wenyeji huweka gia nzito wakatulia. Mimi nilikuwa na breki nyekundu. Niliiachia gari gia ya nne, kila kona nakanyaga. Mama mkwe kapakata kapu la peasi, kimya. Kumkemea mkwe haiwezekani, na mimi kimya chake nikakichukulia kama sifa.

Tulipopita Soni pedeli ikawa laini kama ndizi mbivu. Kona iliyofuata ikazama hadi sakafuni.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4 mpya huchemka kwenye nyuzi 230 hivi, ikishanyonya maji hushuka hadi 155. Yangu yalishakuwa chai. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo unakanyaga mvuke na gurudumu halina habari. Haya nilielezwa baadaye. Pale mlimani nilichojua ni gia ya tatu, ya pili, ya kwanza, injini inalia, huku navuta breki ya mkono kidogo kidogo. Nyuma mama mkwe akaanzisha wimbo. Nikautambua: ni ule wa kuagia maiti.

Gari likaishia kwenye rundo la mchanga wa ujenzi, bampa lote ndani. Peasi zikaja mbele zote.

Niliposhuka, rangi yangu ya kopo ilikuwa imeota malengelenge, inafuka moshi. Lori la kabichi likawa linatupita taratibu, gia ya kwanza, na utingo akachungulia magurudumu yangu.

"Bro, lipstiki inaungua!"

Mama mkwe alikung'uta kanga, akainama kutazama.

"Baba," akaniita, kwa upole nisioustahili, "hivi vyekundu ndivyo vya kusimamishia?"

"Ndiyo, mama."

"Ahaa."

Akaokota peasi zake moja moja, akalipungia lile lori mkono. Lilikuwa halina hata taa moja ya nyuma. Likasimama palepale.