Mayhem hawatafuti kiki

Nimesoma makala moja ambayo mwandishi wake anasema Mayhem, bendi kongwe ya bleki metali (muziki wa roki mzito na wa giza) kutoka Norwei, wanaimba kifo ili kushtua watu. Hapo sikubaliani naye hata kidogo.

Bendi hii ilianza 1984, na kifo kiliwabishia hodi wenyewe. Mwaka 1991 mwimbaji wao, Msweden aliyejiita Dead, alijiua akiwa na miaka 22. Agosti 1993 mpiga gitaa Euronymous akauawa kwa kisu Oslo, na aliyehukumiwa kwa mauaji hayo ni yuleyule aliyepiga besi kwenye albamu waliyokuwa wamesharekodi. Kwa hiyo albamu hiyo, De Mysteriis Dom Sathanas, ilipotoka 1994, muuaji na marehemu walisikika pamoja, na mashairi mengi yalikuwa ya Dead, kijana aliyekwisha kuzikwa. Wazazi wa Euronymous waliomba besi ile iondolewe. Haikuondolewa! Kila nikiisikiliza nawafikiria wazazi wale, na moyo unaniuma. Hiyo ndiyo kiki?

Halafu makala haijagusa muziki kabisa. Sikilizeni ngoma za Hellhammer, mpiga ngoma wao, zilizorekodiwa katika ukumbi wa Grieghallen, Bergen: zina mwangwi wa jumba kubwa lisilo na watu. Na Attila Csihar, Mhungaria aliyekuja kushika nafasi ya Dead, mara nyingi hapigi mayowe kama waimbaji wengine wa aina hii. Anaghani kwa sauti nzito ya kooni, taratibu, kama anayeongoza ibada ya mazishi. Alirudi kwenye bendi 2004, na sauti ile bado anayo.