Gurudumu Lisilo na Nati

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, si msemaji, mpaka umguse kwenye gari lake. Ni BMW Alpina B10 V8, yaani BMW iliyotengenezwa upya na kampuni ndogo ya Kijerumani iitwayo Alpina. Alilinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, na tangu lifike Dodoma kila mwenye mdomo ana neno juu yake. Kijiweni kwetu Nkuhungu wapo wanaoapa kwamba ni BMW ya kawaida iliyochorwa mistari ya dhahabu ubavuni. Mwingine alisema ile nembo ni ya halmashauri. Fundi umeme mmoja akainama, akapitisha mguu wake chini ya bampa ya mbele, mguu ukagoma kupita, akaondoka zake bila kusema kitu.

Shemeji akapata mchumba Kondoa, tukapangiwa siku ya kupeleka mahari. Akawapigia wakwe: "Tunakuja na V8."

Hakudanganya. Kwenye buti pameandikwa hivyohivyo, na injini ni silinda nane, lita 4.6. Tatizo ni kwamba kwa Dodoma ukisema V8 hakuna anayewaza injini. Mtu anaona Land Cruiser la serikali, vioo vyeusi, linakata upepo kuelekea Mtumba. Kondoa wakajiandaa kupokea mtu wa namna hiyo. Orodha ya mahari, nilikuja kuambiwa baadaye, ilirudiwa kuandikwa usiku uleule.

Tukaondoka asubuhi: shemeji kwenye usukani, maana hakuna mwingine anayeruhusiwa kuugusa; mzee mshenga mbele na fimbo yake; mimi na shangazi nyuma na furushi la vitenge. Barabara ya Kondoa siku hizi ni lami tupu, lakini ina vijiji, na vijiji vina tochi za trafiki. Gari ambalo huko kwao linapita kilomita 270 kwa saa likatembea 50. Tukapitwa na Noah iliyobeba magodoro juu. Shemeji alifumba midomo.

Tulipofika kijiji cha Mayamaya, gari likaanza kuvuta upande mmoja. Tairi la nyuma kulia limekula msumari. Matairi yenyewe ni ya inchi 18, mpira mwembamba, upepo ukipungua kidogo tu rimu inakaribia lami. Tukafungua buti tutoe spea. Mahali pa spea pana spika. Mwenye gari wa kwanza alipenda muziki.

Bahati nzuri kibanda cha pancha kilikuwa palepale. Fundi akachomoa msumari kwa koleo, akachomeka uzi wa mpira, akaukata kwa wembe, kazi ya dakika. Akavuta mpira wa kompresa, akachuchumaa. Kisha akanyamaza. Akalizunguka gurudumu kwa macho, akapitisha kidole katikati ya kila spoku, zote ishirini, akafuta vumbi kwa tambara, akapitisha kidole tena.

"Kaka, valvu iko wapi?"

Shemeji akainama. Na mimi. Hakuna valvu.

"Itakuwa kwa ndani," mtu akasema. Wakati huo watu walikuwa wameshajaa. "Fungueni gurudumu tuone."

Fundi akachukua spana, akarudi, akasimama nayo mkononi. Hakuna nati. Katikati ya gurudumu kuna kofia moja kubwa, laini, na kitundu kidogo pembeni mwa nembo. Basi.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba Tanzania haina upungufu wa wataalamu. Dereva wa semi akasema magurudumu ya Kijerumani huchomelewa kiwandani. Kijana wa bodaboda akasema hapana, yanajazwa gesi maalumu mara moja, ikiisha unatupa gari. Mama muuza karanga akauliza kwa nini hatukupanda basi. Fundi akatoa tindo na nyundo. Shemeji akalala juu ya gurudumu kwa suruali yake ya posa.

Simu ya mshenga ikaita. Shangazi akamnyang'anya: "Ndiyo mkwe, tumeshafika Haneti." Akasikiliza, uso ukabadilika. Kumbe walikuwa wamemtuma kijana atusubiri Haneti, na yupo stendi tangu asubuhi.

Ndipo ikaja Mark X, ikatupita, ikafunga breki, ikarudi kinyumenyume. Akashuka kijana mmoja, mikono kichwani. "B10! Mayamaya?" Hakutusalimia. Alipiga magoti barabarani, akachungulia dashibodi, akakuta kibao chenye namba ya gari, karibu alie.

Huyu alikuwa anaijua. Akatueleza, kama vile ndiyo tuliyomwitia, kwamba mwanzilishi wa Alpina, Burkard Bovensiepen, alianza kwa kutengeneza mfumo wa kabureta mbili za Weber kwa ajili ya BMW 1500, kampuni ikaanzishwa 1965, na ndiyo maana nembo ina kabureta upande mmoja na krankshafti upande mwingine. Mtu wa halmashauri hakuwepo asikie. Mwaka 1983, akasema, Ujerumani iliwatambua kama watengenezaji wa magari, si mafundi wa kupachika manjonjo. Makao yao yalikuwa Buchloe, mji mdogo tu, na hapohapo walikuwa na ghala la mvinyo, wakiuza mvinyo pia.

"Mvinyo? Kama wa Dodoma?" fundi akashtuka. "Basi hao ni Wagogo."

Watu wakacheka, ila mshenga, ambaye ni Mgogo, alitikisa kichwa kwa kuridhika, na kuanzia hapo aliacha kulisema vibaya lile gari.

Kijana akahamia kwenye ubishi ambao, nadhani, hujibishana nao mwenyewe usiku. M5, gari la kasi la BMW wenyewe la wakati uleule, ina nguvu za farasi 400, gia sita za kuingiza kwa mkono, na kasi imefungwa kwenye 250. Hii ina 340, gia ni otomatiki, unachagua kwa vitufe vilivyofichwa nyuma ya usukani, na kasi haikufungwa. "M5 ni ya kijana," akasema. "Alpina ni ya mtu mwenye ng'ombe."

"Farasi 340," akasema dereva wa semi, "na hakuna hata mmoja anayejua upepo unaingilia wapi?"

"Valvu? Si ipo chini ya kofia, na nati zote humo humo. Upepo unapita ndani ya spoku. Fungua kwa ufunguo wake."

Tukamgeukia shemeji. Alikuwa anatazama milima.

Nikampigia mke wangu. Ufunguo mdogo? Alikuwa nao, watoto walikuwa wanaufungulia benki yao ya kopo. Akautia kwenye boksi la dawa ya meno, akampa bodaboda, na nauli ya boksi lile kutoka Nkuhungu ingetutosha sisi wanne kwenda Kondoa kwa basi, kama alivyosema mama wa karanga, na alisema tena.

Ufunguo ulipoingia, kofia ikazunguka robo, ikatoka. Ndani: bolti tano safi, na valvu imelala pembeni, inang'aa, haijawahi kuona vumbi la Dodoma. Watu walipiga makofi. Fundi alijaza upepo huku amevua kofia yake.

Kondoa tulifika jua limeinama. Wazee wa upande wa pili walikuwa wamekaa kwa safu. Mkubwa wao akaangalia barabarani nyuma yetu, akasubiri, akauliza: "Na V8 iko wapi?"

Mshenga akamwongoza mpaka kwenye buti, akamwonyesha kwa fimbo. Mzee akavaa miwani, akasoma taratibu, herufi kwa herufi. Akavua miwani.

"Sawa. V8 nimeiona. Na faini ya kuchelewa mmeiandika wenyewe: B10. Beberu kumi."

Tulibishana hadi giza likaingia, tukashuka mpaka beberu wawili na mfuko wa sukari. Wa tatu shemeji alimlipa mwenyewe bila kudaiwa, alipotazama nje na kuwaona watoto wa pale wakichokonoa kile kitundu cha kofia kwa kijiti.